Grafini ya sumaku: kwenye methilini bluu inanasa vizuri, kwenye maji ya batiki imegoma

Mchujo77

Wakuu, heshima kwenu.

Nina nyenzo ya magnetaiti (oksaidi ya chuma inayovutwa na sumaku) juu ya grafini oksaidi (karatasi nyembamba za kaboni zilizooksidishwa), lengo ni kuondoa rangi kwenye maji taka ya karakana ya batiki. Kwenye maji yaliyokenekwa haina shida: miligramu 20 ndani ya mililita 50 za methilini bluu, rangi ya majaribio ya maabara (mg 100 kwa lita), saa mbili kwenye kitikisio, zinabaki kama mg 4 kwa lita. Kwa hesabu ni mg 240 kwa gramu.

Kwenye maji ya batiki yenyewe (pH 12.4, karakana inatumia rangi za vati, kostiki yaani soda kali, na haidrosalfaiti) nyenzo hiyohiyo haigusi rangi. Tena maji yanayobaki baada ya sumaku yana rangi ya chai ya rangi ambayo mwanzoni haikuwepo. Kituko kingine: nilipoongeza methilini bluu kwenye maji hayohayo ya batiki ili nipime inavyonaswa humo, bluu yote ilipotea chini ya dakika moja. Hiyo ni asilimia 100, wakati rangi ya batiki yenyewe imebaki palepale. Sielewi.

Namna ilivyotengenezwa: grafini oksaidi kutoka kinywe (grafaiti) cha Mahenge kwa njia ya Hummers iliyoboreshwa, yaani kuoksidisha kwa pamanganeti ndani ya asidi kali. Gramu 1 kwenye maji mililita 200, saa moja kwenye bafu la mawimbi ya sauti. Feriki kloraidi yenye maji sita g 2.34 na ferasi salfeti yenye maji saba g 1.20, zote zikamiminwa kwa pamoja. Amonia ya asilimia 25 hadi pH 10, nyuzi 80, saa moja, bika wazi. Kuosha kwa sumaku, kukausha kwenye oveni nyuzi 105 usiku kucha, kusaga. Kuisafisha ili itumike tena: asidi ya haidrokloriki 0.1 M, saa moja. Kufikia mzunguko wa tatu uwezo umeshuka chini ya nusu na sumaku inavuta kwa uvivu. Kabla ya kusoma kwenye spektrofotometa napitisha maji kwenye karatasi ya chujio.

Naomba mwongozo, nianzie wapi?

---

Bi_Magnetaiti

Mkuu, anzia kwenye hiyo asilimia 100, maana ndiyo inayokudanganya kuliko zote. Grafini haijanasa kitu hapo. Haidrosalfaiti (haidro kwa kifupi) ni kipunguzaji kikali, yaani inavipa vitu vingine elektroni, na methilini bluu ikipunguzwa hivyo inageuka kuwa liuko, umbo lake lililopunguzwa, lisilo na rangi. Molekyuli ziko palepale ndani ya chupa, ila hazionekani kwenye nanomita 664.

Hakikisha mwenyewe kwa dakika mbili. Chukua maji ya batiki bila nyenzo yoyote, tia tone la methilini bluu, subiri lipauke. Halafu mimina kidogo kwenye chupa pana, funga, tikisa kwa nguvu, iache wima. Haidro ikiwa imebaki kidogo, utaona mstari mwembamba wa bluu unaanzia juu, pale maji yanapokutana na hewa, kisha unafifia tena. Haidro ikiwa nyingi hautauona kabisa hadi upulize hewa kwa muda mrefu.

Hii ndiyo sababu ya kuweka chupa ya ulinganisho, yenye kila kitu isipokuwa nyenzo. Bila hiyo huwezi kudai umeondoa chochote. Kosa hili lina ndugu yake kwenye metali: watu wanapima risasi kwenye pH 7 au 8, risasi inazama yenyewe kama haidroksaidi, halafu sifa anapewa grafini. Risasi inapimwa kwenye pH 5 hadi 5.5.

Faida ni kwamba sasa umepata kipimo cha bure. Tone la methilini bluu linalobaki bluu dakika tano bila kupauka maana yake haidro imekwisha. Kitunze, utakihitaji.

---

Kemia ya Beseni

Nakubaliana na Bi Magnetaiti. Naongeza upande wa rangi yenyewe, maana hapo ndipo tatizo lilipo. Nyenzo yako kwa kazi ya methilini bluu haina kasoro kubwa, bali umeipeleka kwenye maji isiyoyaweza.

Methilini bluu ina chaji chanya. Grafini oksaidi ina vikundi vya kaboksili vinavyobeba chaji hasi kuanzia pH ya chini kabisa, kwa hiyo vinavutana, na pete za kaboni zinalaliana juu yake. Ndiyo maana kila maabara inayotaka takwimu nzuri inaanza na methilini bluu. Sasa angalia beseni la batiki. Rangi ya vati haiyeyuki ikiwa katika hali yake ya kawaida. Mchovyaji anaiweka kwenye kostiki na haidro ili igeuke liuko yake inayoyeyuka, na liuko hiyo kwenye pH 12 ina chaji hasi. Grafini oksaidi kwenye pH 12 ni hasi tupu. Magnetaiti nayo, ambayo chaji yake inapita sifuri karibu na pH 6.5 hadi 7, imeshakuwa hasi. Vitu vitatu vyote hasi, nani amvute mwenzake?

Ile rangi ya chai inatokana na kostiki. Grafini oksaidi ya njia ya Hummers huwa imebeba vipande vidogo vya kaboni iliyooksidishwa sana, vimeganda juu ya karatasi zake. Vikikutana na alkali vinabanduka na kuyeyuka, na sumaku haina habari navyo kwa sababu havina chuma. Unaweza kutofautisha: chukua maji hayo ya chai, yashushe hadi karibu pH 7, tia chembe ya kalsiamu kloraidi. Yakitoa mabonge ya kahawia yanayozama, ulikuwa na karatasi nzima za grafini zisizoshikana na magnetaiti. Rangi ikibaki imeyeyuka vilevile, mara nyingi ni hivyo vipande. Na usisahau haidro inapunguza hata grafini oksaidi yenyewe, kwa hiyo nyenzo inayotoka kwenye beseni si ileile iliyoingia.

Suluhisho ni kuyaandaa maji kabla grafini haijaingia. Mpangilio huu una mantiki yake, usiugeuze:

Kwanza acha maji yapoe kabisa uondoe nta iliyoganda juu. Ukiyatibu yakiwa moto, nta inavika karatasi za grafini na hapo mchezo umekwisha.

Pili, hewa. Pampu ndogo ya tangi la samaki na jiwe lake la kutoa mapovu inatosha kwa ndoo ya lita 20, lakini uwe na subira. Gramu moja ya haidro ikioksidishwa hadi salfeti inakula hadi mg 276 za oksijeni, na lita ya maji ya nyuzi 25 inabeba kama mg 8 tu kwa mkupuo. Kwa hiyo gramu moja kwa lita ni sawa na kumaliza oksijeni yote ya maji na kuijaza upya mara 35 hivi. Acha ipulize usiku kucha, asubuhi pima kwa tone la methilini bluu. Wakati huo rangi ya vati inarudi hali yake isiyoyeyuka. Ni jambo lilelile ambalo wachovyaji wanaliona kitambaa kikitoka kwenye beseni na rangi moja, kikipigwa na hewa kinageuka kingine. Ndani ya ndoo inakuwa unga mwembamba unaozama.

Tatu, asidi, na isiwe kabla ya hewa. Haidro ikikutana na asidi inatoa salfa dayoksaidi, harufu inayokaba koo, na maji yanachafuka kama maziwa kwa chembe za salfa. Hata baada ya hewa inaweza kubaki salfaiti ambayo tone la methilini bluu halitaionyesha, kwa hiyo fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni. Kwa pH 12.4 kostiki ni kama moli 0.025 kwa lita, yaani moli 0.5 kwenye ndoo. Asidi ya salfuriki kali inahitajika mililita 14 hivi, kwanza iyeyushe kwenye nusu lita ya maji, asidi iingie kwenye maji na si kinyume. Ukitumia asidi mpya ya betri ni karibu mililita 55 hadi 60. Ya betri kuukuu usiiguse, ina risasi. Ingiza kidogo kidogo huku unapima, simama pH 6.5.

Nne, shabu. Anza na mg 100 kwa lita, panda kwa hatua za 50 kwenye bika sita, uone lipi linatulia haraka zaidi. Shabu inashusha pH kidogo, rekebisha. Acha saa mbili, chota maji ya juu.

Maji haya ndiyo ya kupeleka kwenye grafini.

---

Mkorogaji

Wenzangu wamemaliza maji, mimi nashughulikia nyenzo. Vipimo vya chuma viko sawa: kwa gramu 1 ya magnetaiti unahitaji mmol 8.64 za feriki na 4.32 za ferasi, uwiano wa mbili kwa moja, na g 2.34 kwa g 1.20 ndizo zinazotoa hivyo. Penye kasoro ni utaratibu.

Bika wazi kwenye nyuzi 80 linaoksidisha ferasi kabla hujamaliza kumwaga amonia. Uwiano wa mbili kwa moja unavurugika, na sehemu ya chuma inaishia kuwa oksaidi za kahawia zisizovutwa. Angalia rangi: ikiwa nyeusi kabisa uko salama, ikiwa na wekundu wa kutu umechelewa. Tumia flaski ya shingo tatu. Changanya grafini oksaidi na feriki kwanza, koroga nusu saa ili ayoni zishike kwenye kaboksili. Itaganda mabonge, usishtuke, ni kawaida. Pitisha naitrojeni dakika 20, ndipo uweke ferasi iliyoyeyushwa muda huohuo kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa. Amonia inafuata, tone kwa tone, kama mililita 10 kwa kiasi hicho. Kwa hesabu kavu ni kama 2.6, lakini ziada inahitajika ili pH ikae 10 hadi 11 mpaka mwisho. Nyuzi 60 zinatosha.

Kabla ya hapo, osha grafini oksaidi inavyostahili. Mara mbili au tatu kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 ili kutoa manganizi, halafu maji kwenye sentrifuji. Tone la bariamu kloraidi kwenye maji ya mwisho lisipotoa weupe, salfeti imekwisha. Kwa kinywe cha chembe kubwa ongeza muda wa oksidesheni, vinginevyo kiini kinabaki grafaiti tupu. Lakini usiongeze joto kufidia muda: pamanganeti ndani ya asidi kali ikipita nyuzi 55 inaweza kulipuka. Ukiona mafuta ya kijani kibichi kwenye kuta za flaski, acha kuongeza na upoze.

Oveni ya nyuzi 105, hapana. Karatasi za grafini zikikauka zinalaliana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na ukisaga unapata chengachenga tu, kurasa hazifunguki tena. Joto hilo pia linaanza kung'oa oksijeni unayoitegemea. Ihifadhi ikiwa rojo, ndani ya maji. Ukitaka kujua uzito, kausha mililita 5 tu kwenye nyuzi 60, pima, piga hesabu. Na grafini oksaidi kavu usiipashe moto ikiwa rundo, inafumuka ghafla.

Sasa mizunguko. Ndani ya mg 20 za nyenzo yako kuna kama mg 10 za magnetaiti, yaani mmol 0.043, na kila moli yake inataka moli 8 za asidi ili iyeyuke yote. Hiyo ni mmol 0.35. Mililita 50 za asidi ya 0.1 M zina mmol 5. Umeipa asidi mara 14 ya inayohitajika kuumaliza mwili wake, kisha unashangaa sumaku haivuti! Kwa methilini bluu osha kwa ethanoli yenye asidi ya asetiki asilimia 5 kwa ujazo, mililita 10 mara mbili, nusu saa kila mara, kisha maji mpaka pH irudi. Pima chuma kwenye maji ya kuoshea kwa fenanthrolini, nanomita 510. Feriki inapunguzwa kwanza kwa haidroksilamini, vinginevyo utaona ferasi peke yake na utajipongeza bure.

Na karatasi ya chujio itupe. Selulosi inanasa methilini bluu. Pitisha myeyuko wa mg 5 kwa lita bila nyenzo, karatasi itakuambia yenyewe. Tumia sumaku kisha sentrifuji.

---

Mchujo77

Nimejaribu ule mtihani wa chupa bila nyenzo: bluu imepotea vilevile. Baada ya kupuliza hewa usiku kucha, bluu imerudi kwenye chupa zote mbili, isipokuwa ile yenye nyenzo imefifia kiasi. Nimeelewa.

Na ndoo ya majaribio, baada ya hewa, asidi na shabu (mg 150 kwa lita), maji yamebaki na rangi hafifu mno. Sasa swali la aibu kidogo: kama hewa na shabu vimefanya kazi yote, grafini ya nini? Na kuna siku karakana inachovya kwa rangi za riaktivu, zile za magadi na chumvi bila haidro. Hizo hazikuzama hata kidogo.

---

Kemia ya Beseni

Kwa vati, grafini si lazima. Ndiyo jibu, hata kama halipendezi kuandikwa kwenye ripoti. Hewa na shabu ni bei ya chini na mchovyaji anavimudu. Baki ile hafifu ukitaka kuimaliza, linganisha grafini na mkaa amilifu wa vifuu kwa uzito sawa kabla hujaamua. Mara nyingi utaona grafini inawahi zaidi na inatolewa kwa sumaku bila kuziba chujio, lakini mkaa unapatikana kwa magunia.

Riaktivu ni habari nyingine. Zina salfoneti, zinayeyuka kwenye kila pH, hazizami kwa hewa. Na ni hasi, kwa hiyo grafini oksaidi tupu itazikataa kama ilivyokataa liuko. Unahitaji uso wenye chaji chanya.

---

Bi_Magnetaiti

Kitosani, polima yenye vikundi vya amini vinavyobeba chaji chanya kwenye asidi. Yeyusha g 0.5 kwenye mililita 50 za asidi ya asetiki ya asilimia 2, koroga mpaka isiwe na madonge (inaweza kuchukua masaa). Ongeza rojo yako yenye g 0.5 ya nyenzo, koroga dakika 20 tu, kwa kuwa asidi inaanza kuila magnetaiti. Kisha dondosha kwa sindano kwenye kostiki 0.5 M. Zinatoka shanga nyeusi. Osha mpaka pH ya maji iwe karibu 7.

Shanga hizo ziache hivyo kama utafanya kazi pH 6.5 na kuendelea. Ukitaka pH 3 hadi 4, ambako kitosani inanasa riaktivu vizuri zaidi, lazima zifungwe kwa glutaraldehaidi, la sivyo kitosani inayeyuka tena na utabaki na supu. Lakini usizidishe: glutaraldehaidi inafunga vilevile vikundi vya amini ambavyo ndivyo vinavyonasa rangi. Jaribu viwango vitatu, pima uwezo wa kila kimoja na uone pia kama shanga zinabaki nzima saa 24 kwenye pH 3.

Kuzisafisha hizi ni kinyume cha ulivyofanya: kostiki 0.1 M, si asidi. Chaji chanya inaondoka, rangi inaachia.

Angalizo la chumvi. Maji ya riaktivu yana chumvi nyingi mno, gramu makumi kwa lita, na ayoni za kloraidi na kaboneti zinagombania nafasi zilezile. Uwezo ulioupata kwenye maji yaliyokenekwa utashuka. Kwa hiyo tengeneza mkunjo wa uwezo ukiwa na chumvi na magadi vya kiasi kilekile cha karakana, bila hivyo namba zako ni za kwenye karatasi tu.

---

Mkorogaji

Na mkunjo wa kusomea spektrofotometa (kiasi cha rangi dhidi ya usomaji), methilini bluu usome kati ya mg 0.5 na 4 kwa lita. Juu ya hapo molekyuli zinaanza kuungana mbilimbili na mstari unapinda, kwa hiyo sampuli ya mg 100 punguza mara 25 au zaidi. Kwa rangi ya riaktivu tafuta kilele chake upya kwenye pH na chumvi ya maji yako.

Sumaku: zile za ndani ya diski ngumu kuukuu za kompyuta ni za neodimiamu, kali. Za spika nyingi ni feraiti, zinakuchosha bure. Kwa ndoo ya lita 20 usiibandike nje ya ukuta, mvuto unakufa ndani ya sentimita chache. Ifunge kwenye mfuko mgumu wa plastiki, itumbukize, zungusha polepole dakika tano. Ukiitoa nje, vua mfuko juu ya bika, nyenzo inadondoka yenyewe.

---

Mchujo77

Shukrani sana wakuu. Naanza na riaktivu, chupa ya ulinganisho ikiwa ya kwanza kwenye foleni. Nyenzo ikichoka kabisa naipeleka wapi?

---

Kemia ya Beseni

Usiimwage kwenye mtaro. Ikaushe kidogo kidogo kwenye kivuli, iweke kwenye chupa yenye lebo ya taka za maabara pamoja na tope la shabu. Hesabu ya tope la shabu uifanye mapema, kwa ndoo moja ni kidogo, kwa karakana inayomwaga ndoo thelathini kwa siku si kidogo.

Na maji yaliyotibiwa ni ya kuoshea sakafu au kuchovya tena. Hakuna aliyepima hapa kama yananyweka, kwa hiyo yasifike kwenye pipa la kunywa.